Kuchagua Mahali pa Kupigia Picha Sayari Zilizo Karibu na Upeo: Wilaya za Tarime na Serengeti

Mpigapicha anayelipia kambi au mwongoza watalii kwa ahadi ya "anga wazi" huweza kurudi mikono mitupu. Mahali panafaa endapo upeo uko wazi upande unaotakiwa, na mteja anaruhusiwa kuwapo hapo kwa saa inayotakiwa.

Kwa nini upeo ni muhimu

Utaridi haitengani na Jua kwa zaidi ya digrii 28, wala Zuhura kwa zaidi ya digrii 48. Kwa hiyo huonekana magharibi baada ya machweo, au mashariki kabla ya macheo. Karibu na ikweta, sayari hizi hushuka karibu wima, takriban digrii 15 kwa saa. Ngumi mbele ya mkono ulionyooshwa hufunika digrii 10 hivi; sayari iliyo juu kiasi hicho hutua baada ya dakika 40. Kilima kinachoonekana kuwa na kimo cha ngumi hiyo huzikomba dakika zote.

Kabla ya kulipa

1. Upande. Uliza kilima, miti na taa zilizopo upande wa sayari. Katika nyanda za juu za Tarime, mteremko unaotazama magharibi hufaa jioni, lakini alfajiri huzibwa na mlima ulio nyuma yake.

2. Saa. Mkoani Mara Jua hutua kati ya saa 12:30 jioni na saa 1:00 usiku. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, magari hayaruhusiwi kutembea usiku bila kibali maalumu. Chagua kambi ambayo upeo unaonekana ukiwa papo hapo, au eneo la nje ya hifadhi, kwa mfano pembezoni mwa Mugumu, kwa idhini ya mwenye ardhi.

3. Hewa. Katika digrii 10, mwanga hupita katika hewa zaidi ya mara 5 ya ile ya utosini. Moshi wa nyasi na vumbi la kiangazi hufifisha picha. Masika na vuli huleta mawingu. Hakuna awezaye kuahidi anga safi. Kubalianeni mapema kuhusu marejesho ya fedha.

4. Maandishi. Dai makubaliano yanayotaja mahali, upande na saa, pamoja na risiti.

Tahadhari

Usielekeze lenzi penye Jua kabla halijazama kabisa, na alfajiri acha kabla halijachomoza. Usiondoke kambini usiku bila msindikizaji: wanyamapori hawatambui mipaka ya hifadhi.