Nguruwe Anajikuna Kutwa? Achana na Oili Chafu

Wiki iliyopita niliitwa kwenye banda la kijana mmoja hapa Tukuyu. Mnunuzi alikuwa amewakataa nguruwe wake: ngozi imekakamaa, masikio yana magamba, wanajisugua ukutani kutwa nzima. Alishawapaka oili chafu mara tatu. Wapi! Oili inaunguza ngozi na kumpa mnyama sumu, muwasho uko palepale.

Huo ni ukurutu. Unaletwa na utitiri wanaochimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Unaenea kwa kugusana, na kwa baridi yetu ya Rungwe nguruwe hulala wamebanana.

Tiba ni sindano ya ivermektini ya asilimia 1: mililita 1 kwa kila kilo 33 za uzito, chini ya ngozi ya shingo. Rudia baada ya siku 14, maana dawa haiui mayai. Hapo ndipo vijana wengi mnapochemka: mnatibu wanaojikuna tu, tena mara moja. Tibu wote siku moja, dume pia. Matandiko ya zamani yateketeze, banda lisafishe vizuri.

Nguruwe mpya mtenge kwanza, mtibu, ndipo umchanganye na wenzake.

Soma lebo: usiuze wala kuchinja kabla siku za kusubiri hazijaisha. Na ukianza kuwashwa wewe mwenyewe, usijitibu kwa dawa ya mifugo. Nenda zahanati.

Kumbuka, nguruwe anayejikuna hanenepi, na chakula unanunua.