Galoni mbili kwenye mkono wa nkambo

Mama mmoja mjane wa kambi yetu alikuya kwenye biro ya sendika na kitu kimefungwa ndani ya kitambaa. Tulizani ni makaratasi ya pensheni. Kumbe ni picha ya nkambo wa bwana yake: mwanaume amesimama wima, bunduki pembeni, macho makali. Watoto wote waliambiwa: "Nkambo alikuwa wa Force Publique, alipiga Ba-Allemand kule Tabora." Sasa jirani amewachekelea: "Huyu alikuwa mutu wa Ba-Allemand wenyewe." Vijana karibu wapigane. Mama anataka kujua ukweli mbele ya kuifanya picha kubwa kwa siku ya matanga.

Sisi watu wa mugodi tunajua kusoma nguo. Kwa rangi ya kaske tu unajua nani kapita, nani mgeni. Askari ni vile vile. Tukatafuta picha zingine za kulinganisha. Nyingi za upande wa Wajerumani zilipigwa na Walther Dobbertin, aliyekuwa Afrika Mashariki wakati wa vita ya 1914-1918. Leo serikali ya Ujerumani inazihifadhi, na mutu anaweza kuzitazama kwa simu.

Anza na kichwa. Askari mweusi wa Wajerumani alivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, na kitambaa kingine kinashuka nyuma kufunika shingo. Mbele, juu ya paji la uso, iko tai ya chuma. Askari wa Force Publique, mbele ya vita, alivaa nguo za bluu, fezi nyekundu na mshipi mwekundu. Wakati wa vita njo wakaingia kaki, na mara nyingi walitembea bila viatu. Lakini usiamini rangi ya picha. Filmu za zamani hazikuona nyekundu: inatoka nyeusi. Bluu inatoka nyeupe-nyeupe. Fezi unayoita nyeusi ilikuwa nyekundu kama damu.

Kiisha angalia mkono wa kushoto. Wajerumani waliweka pale galoni nyekundu zenye sura ya V. Moja ni ombasha, mbili shaushi, tatu betshaushi, nne soli. Majina haya si ya Kijerumani. Yalitoka kwa jeshi la Misri, sababu wengi wa askari wa kwanza, waliokusanywa na Wissmann mwaka 1889, walikuwa Wasudani waliochukuliwa Cairo. Juu ya wote effendi, na hata yeye hakuamuru mzungu. (Wazee wa mugodi hawahitaji tuwaeleze hiyo.) Ukikuta galoni kwenye mkono wa kuume, labda picha imegeuzwa, angalia vifungo vya koti, navyo vitakuwa upande usio wao.

Na kuwa mwangalifu na picha za mwisho wa vita. Mwezi wa Novemba 1917, kule Ngomano, Wajerumani waliwanyang'anya Wareno bunduki na nguo, wakazivaa. Mwaka 1918 koti peke yake haisemi kitu.

Picha ya mama ilisema wazi: tai, kitambaa cha shingo, galoni mbili za kushoto. Shaushi wa Wajerumani. Jirani alisema kweli.

Kijana akauliza: "Namna gani mutu wa Maniema anaenda kwa Ba-Allemand?" Hakuna ajabu. Kati ya askari wao, pamoja na Wanyamwezi na Wasukuma, walikuwa Wamanyema, watu wa asili ya huku kwetu waliokuwa ng'ambo ya Tanganyika. Force Publique ilipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, watu wa asili moja walikuwa wamesimama pande zote mbili za risasi.

Tuliona kitu kingine kwenye picha zile. Pembeni, nyuma ya askari, wako wapagazi. Hawana koti, hawana galoni, hakuna namna ya kuwasoma. Wabelgiji peke yao walichukua zaidi ya 200,000 kubeba mizigo ya vita ile.

Mama alikuwa kimya. Kiisha akauliza swali moja: "Walimulipa?"

Vita iliisha Abercorn, leo Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Mshahara wa askari wengi ulibaki deni. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kuwalipa waliokuwa wangali hai. Inasimuliwa kwamba kule Mwanza wazee wengi walikuya bila karatasi. Basi wakapewa ufagio sawa bunduki, wakaamriwa kwa Kijerumani, na miili ikakumbuka yote. Miaka 46 kungojea mshahara! Mzee mmoja wetu, anayengojea dekonti finali yake mpaka leo, alicheka sana, kiisha akaacha kucheka.

Picha itafanywa kubwa hata hivyo. Mjukuu wa kike ameandika nyuma yake kwa biki: "Nkambo, shaushi."