Usafishaji wa Hali Isiyoanzishwa katika Viendeshi vya Linux
Kiendeshi cha kifaa katika kiini cha Linux huanza kazi kwa hatua: hutenga kumbukumbu, hujisajili kupokea ishara za kifaa, kisha hukiwasha. Hatua ya pili ikishindikana, ya tatu haikuwapo. Kujaribu kuitengua ni kugusa kielekezi kisichopewa thamani, na mfumo mzima waweza kuanguka. Kwa hiyo usafishaji hufuata kanuni mbili. Kwanza, hutenguliwa hatua zilizokamilika tu, kuanzia ya mwisho kurudi nyuma. Pili, vielekezi hupewa sifuri mapema, kwani kiini hupuuza ombi la kuachilia kumbukumbu ya kielekezi sifuri. Tangu toleo 2.6.21 la mwaka 2007, kiini chenyewe huweza kuorodhesha rasilimali zilizotwaliwa na kuzirejesha. Hata hivyo, kisichoorodheshwa hakirejeshwi. Wajibu wa kujua kilichoanzishwa humbakia mtunzi wa programu.