Hicho si Kichwa, Mwalimu

Mfanyakazi anapotuma habari asubuhi kwamba kichwa kinamuuma, mkubwa wake husikia jambo moja tu: mtu huyu hataki kuja kazini. Lugha ndiyo inayomponza. Kichwa kikiuma kwa jua au kwa deni, twasema kinauma; na kikiuma kwa kipandauso, maradhi ambayo aghalabu hushika upande mmoja wa kichwa, yakamtapisha mtu na kumfanya aukimbie mwanga, pia twasema kinauma. Neno kipandauso limo katika kamusi zetu, ila ni nadra kulisikia vinywani mwa watu.

Nami ni mgonjwa wa maradhi haya tangu ujana. Nimewahi kufundisha fonolojia nikiwa siioni nusu ya ubao, maana kabla ya maumivu hunijia vimetameta vinavyoziba macho. Nimewahi pia kuitwa nieleze kwa nini mitihani haijasahihishwa. Nikasema nilikuwa na malaria. Malaria huheshimiwa.

Kisha nikaenda Hadado, magharibi mwa mji wa Wajir, kurekodi mazungumzo ya wazee kwa ajili ya utafiti. Siku ya pili, baada ya jua kali na maji haba, kikanipanda. Mama mwenyeji wangu, ambaye kila mtu pale humwita ayeeyo, yaani nyanya, aliniuliza nina nini. Nikajibu kwa mazoea: kichwa tu. Akatazama nilivyojifunika macho, akasema, "Hicho si kichwa, mwalimu. Hiyo ni dhanjaf." Akateremsha mkeka mlangoni, akawafukuza watoto na mbuzi, akaniacha gizani hadi jua lilipotua.

Naam, Wasomali wana neno lake, nalo hutumika. Ayeeyo aliniambia kwamba naye humpata tangu usichana, na siku hizo dada zake ndio waliopeleka mbuzi kisimani. Hakuna aliyezihesabu. Sidai kwamba ufugaji ni kazi nyepesi; mbuzi nao hawangoji. Ila kazi ile ilikuwa na mikono mingi.

Mwalimu kijana niliyekutana naye huko hana wa kumpokea zamu. Walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka Kaskazini Mashariki kufuatia mauaji ya mwaka wa 2018 na ya 2020, na pengo lao huzibwa na waliobaki. Siku za kipandauso huwapa watoto kazi ya kunakili, naye akaketi akilipa dirisha mgongo. Humeza tembe za dukani karibu kila siku. Nilimweleza kwamba tembe hizo, zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, zenyewe huweza kuzaa maumivu ya kichwa. Akacheka. "Nikiziacha, nani ataingia darasani?"

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mwajiriwa, kwa uchache, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, tena kwa cheti cha tabibu. Madaktari nao hukiita kipandauso sugu pale kichwa kinapouma siku 15 au zaidi katika mwezi mmoja, kwa zaidi ya miezi mitatu. Si kila siku ya hizo humlaza mtu, lakini wenye kujua hesabu wataona kwamba siku za mwaka mzima za sheria hazifikii mwezi mmoja wa mgonjwa. Zipo dawa za kale, zisizo ghali, kama propranolol na amitriptyline, ambazo huwapunguzia wengi mashambulizi. Lakini ni nani atakuandikia dawa ya jambo ulilomwambia kuwa ni kichwa tu?

Niliporudi chuoni nilimwandikia mkuu wangu barua, nikalitaja kwa jina lake. Aliniita ofisini siku hiyo hiyo, barua ikiwa mkononi, akataka nimweleze kipandauso ni kitu gani.