Mlango wa mapiloti: juu ya nini lazima ufunge sana, tena lazima ufunguke

Mu Lubumbashi, mtu akimaliza kujenga nyumba, anaita fundi wa chuma aweke antivole ku madirisha na ku mlango. Ni juu ya majambazi wa usiku. Lakini siku moto unawaka ndani, antivole ile ile inakuwa adui: watu wako ndani, majirani wako inje ya lupango, na funguo haionekani.

Mafundi wanaotengeneza milango ya ndani ya ndege wanapambana na shida kama hiyo. Tofauti ni kwamba kule juu, kwenye mita 10.000, hakuna jirani wa kuja kuvunja dirisha. Ukipanda ndege kubwa ku Luano, angalia vitu vitatu: mlango wa mapiloti kule mbele, mlango wa choo, na marido yanayogawanya viti. Kila kimoja kimepangwa hivyo kwa sababu.

Zamani mlango ulikuwa mwepesi

Zamani mlango wa mapiloti ulikuwa wa kutenganisha tu, na mara nyingi haukufungwa na funguo. Sisi Waafrika tulilipa bei ya mambo hayo. Tarehe 23 Novemba 1996, wanaume watatu waliingia kwa nguvu kwa mapiloti wa Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, iliyotoka Addis Abeba kwenda Nairobi na ambayo ingefika pia Brazzaville. Waliamuru komanda aende Australia. Aliwaeleza kama mafuta haitoshi, wakakataa kuamini. Mafuta ikaisha, ndege ikaanguka mu bahari karibu na ufuko wa Komoro. Kati ya watu 175, 125 walikufa.

Miaka ine kisha, tarehe 29 Desemba 2000, abiria mmoja aliyevurugika akili aliingia kwa mapiloti wa Boeing 747 ya British Airways, iliyotoka London kwenda Nairobi na watu karibu 400. Akashika usukani, ndege ikashuka vibaya sana. Mapiloti na abiria wakamshinda, na ndege ikafika Nairobi.

Kisha mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 mu Marekani, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, OACI, liliweka sheria. Toka Novemba 2003, kila ndege ya abiria yenye viti zaidi ya 60, ama uzito zaidi ya kilo 45.500, lazima iwe na mlango unaovumilia risasi ya bunduki ndogo na mtu anayeusukuma kwa nguvu. Let 410, kandege kadogo ka watu 19 hivi kanachojulikana sana mu inchi yetu, hakaingie mu sheria hiyo.

Na kama adui yuko ndani?

Mlango mpya ulijibu swali moja, ukaleta lingine. Mapiloti wakizimia, nani atafungua? Njo maana inje ya mlango kuna fasi ya kuingiza kode. Ku ndege kama Airbus A320, muhudumu akiingiza kode ya hatari, kengele inalia kwa mapiloti sekunde 15 hivi. Kama hakuna anayejibu, mlango unafunguka kwa muda mfupi. Lakini piloti anaweza kukataa, kwa sababu pengine muhudumu analazimishwa na mtu mwenye silaha. Akikataa, kode haifanye kazi tena kwa dakika 5 ama zaidi.

Shida ilitokea hapo. Tarehe 29 Novemba 2013, komanda wa ndege ya LAM ya Msumbiji, iliyotoka Maputo kwenda Luanda, alibaki peke yake mbele na akaishusha ndege kwa kusudi. Ilianguka mu Namibia na watu 33 wote walikufa. Kinasa sauti kilisikilisha mtu anayepiga mlango. Miezi mitatu haijaisha, tarehe 17 Februari 2014, piloti msaidizi wa Ethiopian Airlines alingoja komanda aende chooni, akajifungia, akapeleka ndege mpaka Geneva kuomba ukimbizi. Hapo hakuna aliyekufa. Tarehe 24 Machi 2015 ikawa zamu ya Germanwings mu milima ya Ufaransa: watu 150 walikufa, komanda akiwa inje ya mlango.

Dawa iliyotafutwa kisha hapo haikuwa chuma. Ilikuwa kanuni ya watu wawili: piloti mmoja akitoka, muhudumu anaingia kukaa na yule anayebaki. Ulaya walipendekeza hivyo mwaka 2015, kisha mwaka 2016 wakaachia kila kampuni ipime yenyewe.

Hewa nayo inasukuma

Watu wa huku wanakumbuka Ilyushin 76 ya tarehe 8 Mei 2003. Ilitoka Kinshasa kuja Lubumbashi, imejaa askari na familia zao. Mlango mkubwa wa nyuma ulifunguka angani na hewa ikavuta watu inje. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Mapiloti walirudisha ndege Kinshasa.

Juu ya nini nguvu ile yote? Kule juu hewa ya inje ni kidogo sana, na ya ndani inawekwa nyingi ili watu wapumue. Tofauti hiyo inasukuma ukuta wa ndege kwa uzito wa tani 5 na zaidi ku kila mita moja ya mraba. Tundu likitokea upande wa abiria, hewa ya kwa mapiloti inatafuta njia ya kutoka. Mlango ukiiziba kabisa, ukuta wenyewe unaweza kuvunjika. Kwa hiyo mlango unaozuia jambazi lazima uachie hewa mara moja. Tarehe 5 Januari 2024 mu Marekani, kipande cha ukuta cha Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines kilitoka angani, na mlango wa mapiloti ukafunguka wenyewe. Ulitengenezwa hivyo, lakini mapiloti hawakuwa wameambiwa.

Choo na rido

Mlango wa choo unafungwa ndani, lakini sheria inataka muhudumu aweze kuufungua toka inje bila chombo maalum. Mtu akizimia mle, hataachwa. Na juu ya nini viti vinagawanywa na rido? Kwa kawaida sheria inakataza mlango kati ya kiti cha abiria na fasi ya kutokea. Njo maana rido linafunguliwa wakati wa kuruka na wa kutua.

Basi ukiambiwa usisimame karibu na mlango wa mapiloti, usione ni zarau. Ukisikia mtu amejifungia chooni na hajibu, ita muhudumu, usipige mlango mateke. Na mbele ya ndege kuruka, hesabu viti kutoka kwako mpaka mlango wa kutokea. Moshi ukijaa, utaufikia kwa mikono, hata kama macho haione.