Klabu za bangi Ujerumani: ada ndiyo mlango

Ujerumani ilipohalalisha bangi kwa watu wazima, Aprili 1, 2024, haikufungua duka hata moja. Kuanzia Julai 1 mwaka huohuo iliruhusu vyama ambavyo wanachama wake hulima kwa pamoja na kugawana mavuno, bila faida na bila kumuuzia mtu wa nje. Kibali cha kwanza kilikwenda kwa chama cha Ganderkesee, mji mdogo wa jimbo la Niedersachsen.

Aliyewahi kuwa na hisa katika ushirika wa kahawa ataelewa upesi. Klabu husajiliwa kama chama cha kiraia au kama ushirika, muundo ambao Wajerumani wameuzoea tangu enzi za Friedrich Wilhelm Raiffeisen, mwasisi wa vyama vya kuweka na kukopa. Wanachama hawazidi 500. Anayejiunga awe na miaka 18, awe ameishi nchini angalau miezi sita, asiwe mwanachama wa klabu nyingine, na akubali kubaki kwa miezi mitatu au zaidi. Mgao wake ni gramu 25 kwa siku na 50 kwa mwezi. Aliye chini ya miaka 21 hapewi zaidi ya 30 kwa mwezi, tena bangi yenye THC, kemikali inayolevya, isiyozidi asilimia 10. Klabu haijitangazi, na hakuna anayeruhusiwa kuvuta ndani yake wala mahali inapoonekana ndani ya mita 100 kutoka mlangoni.

Shida iko kwenye fedha. Mbegu haipandwi kabla ya kibali, na kibali hakiombwi bila kuonyesha eneo la kulimia na namna litakavyolindwa. Kwa hiyo pango, uzio na taa za kukuzia vinadai pesa mapema, na baada ya kibali bado kuna miezi kadhaa ya kungoja mavuno. Hakuna mwekezaji atakayetia mtaji mahali pasipo na faida. Mzigo wote hubebwa na ada.

Hapo ndipo klabu hudhihirisha kama kweli iko wazi kwa wote. Sheria inaruhusu ada ya msingi pamoja na malipo yanayopanda kulingana na kiasi mtu anachochukua. Klabu inayomtoza mwenye gramu 10 sawa na mwenye gramu 50 inamfanya mtumiaji mdogo amlipie mkubwa. Mwenye kipato kidogo ataondoka na kurudi kwa muuzaji wa mtaani, yuleyule ambaye sheria ilikusudia kumnyang'anya soko. Naona ada ya msingi ndogo, na malipo kwa gramu, ndiyo njia ya haki. Kazi nayo ni ada. Mwanachama anatakiwa kushiriki kilimo kwa mikono yake, na klabu yenye zamu za asubuhi pekee imewafungia nje wauguzi na wafanyakazi wa viwandani.

Ukubwa nao una uzito. Uruguay, iliyopitisha sheria yake Desemba 2013, huruhusu klabu za watu 15 hadi 45, gramu 480 kwa mwaka kwa kila mmoja. Klabu iliyojaa haivuki kilo 21.6, ilhali ya Ujerumani yenye watu 500 inaweza kugawa kilo 300. Gharama ya uzio uleule inagawanywa kwa vichwa vingi. Malta, iliyotangulia nchi nyingine za Umoja wa Ulaya mwaka 2021, nayo iliweka kikomo cha wanachama 500. Uruguay iliongeza njia nyingine mwaka 2017: bangi inayouzwa katika maduka ya dawa kwa bei ya serikali. Wengi waliojiandikisha huko wamechagua duka, ambako hakuna zamu wala mkutano mkuu.

Waswahili wanaoishi Berlin au Hamburg wakumbuke kwamba Kenya na Tanzania bangi bado ni kosa la jinai. Kadi ya klabu haimkingi mtu uwanja wa ndege.

Na kabla ya kutia saini popote, omba katiba ya chama usome kifungu cha ada. Angalia pesa yako inakwenda wapi kibali kikikataliwa, nani anafidia mavuno yakiota ukungu, na kama anayeugua bado hudaiwa zamu. Klabu isiyo na majibu hayo kwa maandishi usiipe pesa yako.