Egzeta ni moja, njia za watoto si moja



Matokeo ya Egzeta yakitoka, kila mtaa unajua bila kuambiwa. Puderi nyeupe inamwagwa juu ya vichwa, filimbi zinalia, simu hazinyamazi toka asubuhi. Kuna pia nyumba ambamo mlango unafungwa. Juu ya mtoto wa nyumba ile tunasema haraka: hana akili, ao alicheza mwaka mzima. Mara nyingine ni kweli. Lakini tujiulize kama ni watoto wa nyumba gani wanaofungiwa mlango mwaka kwa mwaka: wa vijiji vya mbali, wa familia zilizokimbia vita, wa mama anayebeba nyumba peke yake. Na ndani ya nyumba hizo, mara nyingi ni binti.

Mtihani wa Serikali ulianza mwaka 1967. Wazo la mtihani wa namna hii ni zuri: mtoto wa Fizi na mtoto wa Kinshasa wapimwe kwa kipimo kimoja, diploma isitolewe kwa sababu ya jina la baba. Finalisti anaanza na disertasyo na Kifaransa cha kusema kwa mdomo; wale wa ufundi wanapita pia mbele ya juri ya kazi ya mikono. Kisha zinakuja siku 4 za kuandika: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsyo. Katika siku hizo 4 mtoto anachagua jibu kati ya majibu yaliyokwisha kuandikwa, na karatasi zinakwenda kusahihishwa Kinshasa kwa mashine. Lazima afikishe 50%. Mashine haimpendelei mtu, lakini pia haijui kama mtoto alijifunza kwa taa ya umeme ao kwa mwangaza wa simu ya kuazima.

Tuanze na lugha, maana ndiyo inayoangusha watoto wengi bila sisi kuona. Nyumbani tunasema Kiswahili, Mashi, Kinande, Kibembe. Mtihani unasema Kifaransa. Binti anaweza kukueleza vizuri sana namna jani linavyotengeneza chakula chake kwa jua, kisha akaanguka kwa ulizo hilohilo, kwa sababu ulizo lilimalizika na neno dogo «sauf». Neno hilo linataka achague jibu ambalo si la kweli. Yeye alichagua la kweli. Hapo mtihani ulipima usomaji wake, haukupima biolojia yake. Na usomaji hautengenezwi katika miezi 2 ya mwisho kwa makuta ya masomo ya jioni.

Unatengenezwa primeri. Mwaka 2019 nchi yetu ilishiriki katika uchunguzi wa PASEC, unaopima watoto wa mwaka wa 2 na wa 6 wa primeri katika nchi za Afrika zinazofundisha kwa Kifaransa. Wengi wa watoto wetu wa mwaka wa 6 hawakufikia kiwango cha kusoma kinachotosha kuendelea vizuri na masomo. Ni mwaka huohuo, mwezi wa 9, ambapo masomo ya primeri ya serikali yalianza kuwa bure, na madarasa yakajaa mpaka watoto kukaa chini. Wale walioanza mwaka wa 1 wakati huo, bila kurudilia, walimaliza primeri mwezi wa 7 wa 2025. Wengi wao ni watoto ambao bila ubure ule wasingeona ubao hata siku moja. Sasa wanagonga mlango wa sekondari, na sekondari si ya bure.

Hapo ndipo makuta yanaingia. Kila mama anajua juma lile ambalo prefe anapita darasa kwa darasa na orodha ya wenye deni. Mtoto anarudishwa nyumbani siku 3, siku 5, na mara nyingi ni karibu na mitihani ya semestri, wakati mwalimu anafanya marudio. Yule aliyelipa anabaki darasani na kusikia marudio. Yule aliyefukuzwa atafanya mtihani uleule. Na kama mama ana makuta ya mtoto mmoja tu, tuseme ukweli kati yetu: tunamlipia nani kwanza?

Kwa jambo hili vikundi vyetu vya AVEC na likelemba vina nguvu kuliko tunavyofikiri. Mzunguko wa AVEC unachukua kati ya miezi 9 na 12, na ni sisi wenyewe tunaochagua mwezi wa kuanza. Vikundi vingi vinagawana mwezi wa 12, basi makuta yanaishia katika vitenge na kuku wa sikukuu. (Sikatazi kuku.) Lakini kikundi chenye watoto wengi wa sekondari kinaweza kuamua kugawana mwisho wa mwezi wa 8, mbele ya kufungua masomo. Kile chenye wafinalisti kinaweza kuuliza shule mapema ni mwezi gani makuta ya kushiriki Egzeta yanaombwa, kisha kupanga mzunguko kufuatana na mwezi huo. Na mfuko wa kusaidiana, ambao tunaufungua kwa ugonjwa na kilio, unaweza kukopesha mama makuta ya deni la shule kwa juma 2, bila faida, ili mtoto asikose marudio. Hakuna mradi wa nje unaohitajika kwa hayo. Inahitajika kikao kimoja na sheria iliyoandikwa katika daftari ya kikundi.

Kuna pia makuta mengine, na hayo nasema waziwazi kwamba tusiyatoe. Ni yale yanayochangishwa karibu na mtihani kwa siri, ya «kusaidia watoto ndani ya chumba». Mama anauza mbuzi ili binti apewe majibu. Kwanza, majibu yenyewe mara nyingi ni ya uongo, maana ndani ya chumba kimoja kuna seria mbalimbali za maulizo. Pili, hata yakiwa ya kweli, binti anaingia chuo kikuu na diploma ambayo haiwezi kumsomea kurasa 10 za Kifaransa. Mbuzi yule angelipa marudio ya mwaka mzima.

Sasa saa za jioni. Kijana akitoka masomo anaoga, anakula, anafungua daftari ao anakwenda mupira. Binti anachukua bidoni, anatwanga sombe, anaogesha mdogo wake, anaosha vyombo, na saa 3 ya usiku anafungua daftari na macho yamekwisha kufunga. Siku ya soko anakosa masomo ili abaki na mtoto mchanga. Hesabuni wenyewe: siku 1 ya soko kila juma ni siku 1 juu ya 6 za masomo. Hakuna akili inayoziba tundu hilo. Kwa mama wa kikundi kimoja wanaokaa mtaa mmoja, kuzungushana kubaki na wadogo siku ya soko ni jambo la kupanga tu. Na saa 1 ya jioni kwa kila mtoto, kijana na binti sawasawa, haina bei.

Mama asiyesoma Kifaransa asijitoe katika kazi hii. Mwambie mtoto asome kwa sauti mbele yako, kisha akueleze kwa Kiswahili alichosoma. Kama hawezi kueleza, hakuelewa, na wewe umejua bila kusoma hata neno moja. Buletini nayo inasemekana hata kwa asiyesoma: maandishi mekundu ni masomo aliyoanguka. Tazama kama wekundu unarudi katika mstari uleule kipindi cha 1, cha 2, cha 3. Mstari huo ndio unaopeleka kwa mwalimu na kumuuliza unaitwaje na mtoto afanye nini. Usingoje Egzeta ikuambie. Egzeta inasema tu amepita ao ameanguka, tena wakati amekwisha kutoka shuleni.

Nataka tukae kidogo pia juu ya ile asilimia ambayo shule zinaandika kwenye ukuta. «Tumefanya 100%!» Ni furaha, na walimu wanastahili shukrani. Lakini tuseme shule fulani ilipokea mabinti 60 katika mwaka wa 7. Wengine waliolewa, wengine walipata mimba, wengine walishindwa na deni, wengine waliambiwa waende kurudilia mahali pengine ili wasiharibu jina la shule. Wakabaki 12 kwenye Egzeta, na wote 12 wakapita. Ile ni 100% ya nini? Kwa hesabu ya mama ni mabinti 12 juu ya 60, ndiyo 20%. Shule nyingine inayobakiza mabinti 40 mpaka mwisho na kupitisha 28 itaandika 70% na kuonekana dhaifu, kumbe imefanya kazi kubwa mara mbili na zaidi.

Kwa wale mabinti waliotoka katikati, njia haikufungwa kabisa. Serikali inakubali watahiniwa otodidakti, wasiokuwa na shule. Wanajiandikisha mapema na kupita kwanza mtihani wa kuwachuja. Masharti na tarehe vinaulizwa kwenye ofisi ya inspeksyo, si kwa watu wa barabarani.

Kila shule ya serikali, hata zile zinazoongozwa na makanisa, inapaswa kuwa na kamati ya wazazi, COPA. Wamama huko tunakuwa wachache, na tukifika tunapewa kazi ya kupika siku ya kufunga mwaka. Kikao kinachofuata, mmoja wetu asimame na kuomba prefe hesabu 3 za shule, kijana kando, binti kando: wangapi waliingia mwaka wa 7, wangapi wako leo mwaka wa mwisho, wangapi walipata diploma. Zote 3 zinapatikana katika madaftari ya shule. Akisema zitatafutwa, aandikiwe tarehe ya kuzileta.